PS4 haiwaki tangu umeme urudi: usinunue pawa saplai kabla ya kupima

Swali: Shikamoo fundi. Nina kibanda cha gemu Pasua, Moshi, PS4 tatu na televisheni tatu. Jumamosi jioni umeme ulikatika watu wakiwa katikati ya mechi, ukarudi, ukakatika tena, ukarudi. Mashine mbili ziliwaka. Ya tatu imegoma: haina taa, haipigi bipu, kimya kabisa. Fundi wa kwanza hakuifungua, akasema pawa saplai imekufa, nilete hela ya mpya. Wa pili akasema ni bodi, niiuze kama spea. Hela niliyonayo inatosha jambo moja tu. Nimsikilize nani?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Kwa sasa usimsikilize hata mmoja. Huenda mmoja wao amepatia, lakini amepatia kwa kubahatisha, na anayebahatisha kwa hela ya mwenzake hana haraka ya kushika mita. Bahati nzuri dalili uliyoieleza, kimya bila taa wala bipu, ni ya kufuatika.

Elewa kwanza saplai inavyofanya kazi, maana hapo ndipo wengi wanapopotea. Ndani ya lile boksi jeusi kuna saplai mbili zinazokaa pamoja. Ya kwanza ni ndogo: ukishachomeka waya ukutani, kabla hujagusa kitufe chochote, inaamka na kutoa volti 4.8. Hizo hazichezi gemu. Zinalisha kile kipande cha bodi kinachosubiri kitufe kibonyezwe, padi iite au diski isukumwe ndani. Ya pili ndiyo kubwa, ya volti 12, na hiyo inalala mpaka iamshwe. Ukibonyeza kitufe, bodi inapiga bipu, taa ya bluu inaanza kupepesa, na amri inapita kwenye waya mwembamba kwenda kwa saplai: toa 12. Ndipo feni inazunguka na taa inageuka nyeupe.

Kwa hiyo saplai iliyo nzima, ukiitoa ukaiweka mezani ukaichomeka, haitoi volti 12. Inasubiri kuagizwa. Huwa naletewa saplai ambazo hazina kosa lolote, zimeshahukumiwa kufa kwa sababu mtu alipima zile pini mbili kubwa, akaona sifuri, akatangaza msiba.

Sasa rudi kwenye mashine yako. Ingekuwa inapiga bipu, bluu inatokea kidogo kisha inazima, ningejua 4.8 zipo, na shida iko mbele zaidi: ama saplai inashindwa kubeba mzigo, ama bodi ina shoti na saplai inajikinga kwa kuzima. Yako haipigi hata bipu. Basi ama 4.8 hazipo, ama zipo lakini kitufe hakisikiki. Uwanja umepungua sana na bado hatujashika bisibisi.

Anza nje. PS4 ya kawaida na Slim, ile nyembamba, zinatumia ule waya wenye kichwa cha namba nane, kama wa redio nyingi. Pro za mwanzo zinatumia ule mnene wa kompyuta. Chukua waya wa mashine inayowaka, uchomeke kwenye iliyogoma, kwenye soketi ileile ambayo umeona kwa macho yako kwamba inawasha mashine nzima. Usipitie ekstensheni. Ekstensheni za vibandani zinachoka bila kusema: shaba ya ndani inalegea, plagi inacheza, na umeme unaporudi kwa kishindo cheche inamaliza kilichobaki.

Kama plagi yako ni ya pini tatu bapa, ifungue. Ndani kuna fyuzi ndogo ya kauri, na mara nyingine hiyo peke yake ndiyo iliyokatika. Huwezi kuijua kwa kuitazama kwa sababu haina kioo; ipime kwa mita au weka nyingine. Kwa mashine hizi ampea 3 au 5 zinatosha. Usiweke ya 13 eti kwa sababu ndiyo iliyokuwepo dukani, na ile karatasi ya fedha ya pakiti ya sigara ndiyo usiiguse kabisa. Mtu akishaizungushia fyuzi karatasi ile, siku nyingine kitakachokatika ni kitu cha ghali zaidi.

Ukimaliza hapo, chomoa waya na uiache mashine bila umeme dakika kumi hivi. Saplai inapoona umeme mbaya inaweza kujifunga, na haijifungui mpaka kapasita zake, vile vidude vinavyotunza chaji, zishuke. Kuzima swichi ya ukutani na kuwasha papo hapo hakusaidii. Kisha jaribu kuiamsha kwa njia nyingine: bonyeza kitufe cha PS kwenye padi iliyounganishwa na mashine hiyohiyo, halafu sukuma diski ndani. Ikiwaka kwa mojawapo, saplai yako haina hatia. Tatizo ni kitufe au utepe wake. PS4 za mwanzo zina kitufe cha kugusa tu, na kwenye kibanda ambapo kila mkono umetoka kwenye chipsi, kitufe cha namna hiyo kinakufa mapema kuliko kitu kingine chochote.

Jambo ambalo hukunieleza, na fundi yeyote angepaswa kukuuliza: umeme uliporudi, balbu ziliwaka kuliko kawaida? Kuna jirani aliyeunguza televisheni, friji au chaja usiku ule? Umeme wetu ni volti 230, na njia nyingi za mitaani ni za fezi tatu zinazotumia nyutro moja, yaani waya mmoja wa kurudishia umeme. Nyutro ikilegea au kukatika mahali, nyumba moja inapata volti kidogo, ya jirani inaweza kusukumiwa karibu 400. Kama balbu za upande mmoja ziling'aa na za upande mwingine zikafifia, piga simu TANESCO kabla ya kuleta mashine kwa fundi, na usichomeke kitu mpaka waje. Ukiiwasha mashine iliyotengenezwa kwenye nyutro mbovu utakuwa umetengeneza ili iungue tena.

Kama hakuna dalili hizo, kuna sababu nyingine ambayo watu hawaifikirii, nayo inawapata sana wenye vibanda. Ndani ya saplai kuna kapasita ndogo, nyembamba kama kidole cha mtoto, ambayo kazi yake ni kuisaidia aisii ya saplai, ile chipu inayoiendesha, iwake mara ya kwanza. Saplai ikishawaka, inajilisha yenyewe. Kapasita ile ikikauka kwa joto, mashine inaweza kufanya kazi miezi mingi bila wewe kujua chochote, ilimradi waya haujachomolewa. Siku umeme unapokatika na saplai ikapoa, haina tena nguvu ya kuanza. Mwenye mashine anaulaumu umeme, kumbe kapasita ilishachoka zamani na umeme umeifichua tu. Hata LUKU, umeme wa kulipia kabla, ikiisha katikati ya mechi, matokeo ni yaleyale.

Joto ndilo linaloua kapasita hizo. Kanuni tunayoitumia ni kwamba kila nyuzi 10 za joto zinazoongezeka, umri wake unapungua kwa nusu. Moshi iko chini ya Arusha, huku niliko mimi, kwa mita mia tano hivi, na joto lenu la Januari na Februari mnalijua wenyewe. Weka mashine kwenye kabati lililofungwa, chini ya paa la bati, iwake kuanzia asubuhi mpaka usiku, halafu matundu ya hewa yajae vumbi, uone zitakavyokauka upesi.

Kama majaribio ya nje hayakuzaa kitu, sasa inafunguliwa. Na hapa soma taratibu. Kapasita kubwa ya ndani ya saplai inakaa na zaidi ya volti 320 inapotumia umeme wetu, na saplai za ukubwa huu huupandisha mpaka karibu 390. Ukichomoa waya, volti hizo haziondoki papo hapo. Saplai iliyokufa ndiyo ya kuogopa zaidi, kwa kuwa hakuna kinachozitumia zikaisha. Kufungua ganda la mashine na kutoa saplai ikiwa boksi zima, unaweza kufanya mwenyewe. Kufungua lile boksi lenyewe mwachie fundi, hata kama una mita na umeona video. Na fundi ukimwona anamaliza chaji kwa kugusisha bisibisi mpaka cheche iruke, chukua mashine yako uondoke. Kazi hiyo inafanywa na rezista au balbu ya waya, taratibu.

Kwenye PS4 ya mwanzo skrubu ziko nyuma, nyingine chini ya vibandiko, na zinataka bisibisi ya nyota yenye tundu katikati. Usilazimishe bapa. Ukitoa kifuniko cha chini, saplai iko mbele yako: boksi lenye kibandiko cha namba, lina kishungi cha nyaya nyembamba nne au tano kinachokwenda kwenye bodi, na linakaa juu ya visu viwili vya chuma vinavyochomoza kutoka kwenye bodi. Vile visu ndivyo njia ya volti 12.

Itoe, iweke juu ya meza kavu ya mbao, chomeka waya wa umeme. Mita iwe upande wa DC, volti 20. Probu nyeusi kwenye graundi (upande hasi), nyekundu iguse pini za kile kishungi moja moja, bila kugusanisha mbili. Mahali pamoja panatakiwa pasome 4.8 au karibu yake. Vidole mbali na tundu la umeme, na watoto wa kibandani wasikuzunguke wakati huo.

Ukiiona 4.8, fundi wako wa kwanza amekosea, au angalau amewahi kusema. Tafuta kwenye utepe wa kitufe, kwenye kishungi chenyewe kama hakijakaa vizuri, kisha kwenye bodi. Usipoiona popote, na waya wa umeme umeshauthibitisha, saplai inaumwa kweli. Ila hiyo haimaanishi anayekudai hela ya mpya ameshinda, kwa sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni bodi. Mashine ikiwa haina umeme na saplai iko nje, weka mita kwenye sehemu ya mlio na uguse vile visu viwili kwa probu zake. Mlio mfupi unaokatika ni kawaida, ni kapasita za bodi zinajaa. Mlio usiokoma, mita ikisoma karibu na sifuri, maana yake bodi ina shoti, na hata saplai mpya utakayoinunua haitaiwasha mashine hiyo. Kipimo hiki kinachukua muda mfupi kuliko kuandika risiti, na ndicho kingemaliza ubishi wa mafundi wako wawili.

Sababu ya pili ni kwamba saplai nyingi zinatengenezeka. Fundi akifungua boksi anaangalia fyuzi kwanza. Fyuzi ikiwa imekatika na kioo kimekuwa cheusi, kuna kitu kimevuta umeme mwingi: daiodi za mwanzoni, au mosifeti. Wakati mwingine ni ile varista tu, kidude cha duara kama kifungo, ambayo imewekwa hapo ijitoe mhanga volti zikipanda. Varista ikipasuka na kukata fyuzi, na vingine vyote vikapimwa vikawa salama, unabadilisha viwili hivyo na saplai inarudi. Fyuzi ikiwa nzima na 4.8 hazipo, mimi huanza na ile kapasita ndogo niliyokueleza. Ni spea ya bei ndogo mno, na kwa namna ulivyolieleza tukio lako, nisingeshangaa ikiwa ndiyo.

Halafu kuna mende. Mende anapenda joto la saplai na giza lake, anaingia kwa matundu ya hewa, anazaa humo. Akikanyaga mahali pabaya anakauka palepale akiwa daraja kati ya njia mbili za umeme. Ukitikisa saplai ukasikia mchakacho mwepesi, au ukinusa ile harufu yao, mwambie fundi aisafishe kwa spiriti na brashi kabla ya kupima kitu kingine. Vibanda vinavyouza chipsi na gemu chini ya paa moja vinajua ninachosema.

Baada ya matengenezo mwambie aijaribu na mzigo, usikubali kuonyeshwa namba kwenye mita tu. Saplai chovu inaweza kuonyesha 12 safi ikiwa haina kazi, ikapewa kazi ikaanguka. Mimi naiwasha umeme ukipitia kwanza kwenye balbu, yaani balbu ya mfululizo, upande wa umeme mkubwa, ili kama bado kuna shoti balbu ing'ae badala ya vitu kupasuka. Nikishaona iko salama naitoa hiyo balbu, naiamuru saplai itoe 12 kwa kuunganisha waya wa amri na 4.8, kisha nafunga balbu ya breki ya gari, wati 21. Ikishika bila kutetereka naongeza taa kubwa ya mbele ya wati 55, ambayo inavuta ampea nne na nusu hivi. Sitaandika ni pini ipi na ipi, kwa kuwa vishungi vya nyaya tano na vya nyaya nne havifanani, na kuna mtu atasoma nusu.

Wewe una kitu ambacho wateja wengi hawana, yaani mashine nyingine nzima. Soma namba inayoanza na CUH nyuma ya kila moja. Kama mbili ni toleo moja, na umeshahakikisha kwamba bodi ya iliyogoma haina shoti, hamisha saplai ya mashine inayowaka uiweke kwenye mashine iliyogoma. Ikiwaka, jibu unalo bila kununua chochote. Lakini usifanye kinyume chake. Saplai inayoshukiwa haiingii kwenye mashine inayokuingizia hela.

Ikibidi kununua, nenda na saplai ya zamani mkononi. Matoleo ya CUH-10 yanatumia ADP-240AR yenye pini tano, CUH-11 yanatumia ADP-240CR ya pini nne, CUH-12 yanatumia ADP-200ER, na Slim ina yake ndogo zaidi. Muuzaji akikwambia "zote ni sawa, inaingia tu", muulize kama atakurudishia hela isipoingia. Nyingi zinazouzwa mjini, hapa Arusha na huko kwenu, zimetolewa kwenye mashine zilizokufa. Hilo si baya, ilimradi ijaribiwe mbele yako. Angalia skrubu za boksi: zikiwa na mikwaruzo, ilishafunguliwa, uliza kilichobadilishwa.

Kwa kuwa kuna atakayesoma hapa akiwa na Xbox: Xbox 360 na Xbox One ya kwanza zina saplai ya nje, tofali linalokaa sakafuni. Soma kibandiko chake kabla ya yote. Mashine iliyotumwa na ndugu kutoka Marekani inaweza kuwa na tofali la volti 100 hadi 127, na hilo kwenye umeme wetu linakufa mara moja. Hapo unatafuta tofali la 220 hadi 240; mashine yenyewe inaweza kuwa salama. Saplai ya PS4 imeandikwa 100 hadi 240, kwa hiyo huko hakuna shida hiyo.

Kuhusu zile mbili zilizopona: zinunulie gadi, ile inayowekwa kwenye friji, inayokata volti zikizidi au zikipungua na inayosubiri dakika chache umeme ukirudi kabla ya kuuruhusu. Huo muda wa kusubiri ndio ungekuokoa Jumamosi, maana umeme uliorudi na kukatika tena haungeifikia mashine hata kidogo. Angalia wati zilizoandikwa kwenye gadi zitoshe mashine na televisheni kwa pamoja. Mpaka uipate, umeme ukikatika chomoa plagi, usitegemee swichi. Na vumbi litolewe kwa brashi laini na kipulizio kidogo huku umeshikilia feni isizunguke. Msimpelekee fundi wa pancha apulize kwa kompresa yake. Hewa ile ina maji na mafuta, na presha yake inavunja mapanga ya feni.

Nitumie vitu vitatu: namba ya CUH ya mashine iliyogoma, picha ya kibandiko cha saplai, na ulichokisoma kwenye mita uliposaka ile 4.8. Kama mita huna, mpe fundi yeyote aliye karibu nawe apime hiyo moja tu mbele yako, umlipe kwa kupima, usimwachie mashine.